Ubuyu mwekundu maabara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kemia kidato cha tatu, shule ya kata wilayani Chamwino. Nataka wanafunzi wachambue rangi za vyakula, ila spektrofotometa (mashine ya kupima rangi kwa mwanga) hatuna. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kwa muuza ubuyu. Mikhail Tswett alitenganisha rangi za majani kwa bomba la kioo lililojaa unga wa chaki, na mwaka 1906 akaiita njia hiyo kromatografia. Wewe karatasi ya kuchujia inakutosha.

Watoto wa Chamwino wanajua ubuyu ukitoka mbuyuni ni mweupe. Wekundu umetiwa. Wasichokijua ni kama ni rangi moja au mbili, na hapo ndipo pa kuwashika.

Chemsha ubuyu kwenye maji kidogo yenye siki, pamoja na uzi mweupe wa sufu. Hakikisha ni sufu kweli: choma ncha, ikinuka kama nywele ndiyo yenyewe. Rangi za viwandani hunata kwenye sufu, sukari hubaki majini. Suuza uzi, uchemshe tena kwenye maji yenye amonia kidogo, madirisha wazi, rangi itaachia. Punguza maji hayo motoni mpaka yakolee. Miaka niliyoiruka hatua hii, madoa yaliburuza mkia, wanafunzi wakashindwa kupima.

Chora mstari kwa penseli, maana wino utapanda nao. Weka doa la ubuyu, na ubavuni mwake doa la rangi ya kichupa iliyoandikwa jina, mfano kamosini (rangi nyekundu ya viwandani, kwenye vifungashio huandikwa E122). Simamisha karatasi kwenye glasi yenye maji ya chumvi, gramu 1 kwa lita, yaishie chini ya mstari. Funika. Maji yatapanda karatasi yakibeba rangi, na kama ni mbili zitaachana njiani.

Doa likipanda sentimita 4.2 na maji 7.0, gawanya: 0.6. Nakusihi, usiwaache waamini namba hiyo peke yake. Karatasi ikibadilika, joto likibadilika, nayo hubadilika. Walinganishe madoa yaliyopanda karatasi moja, na yakilingana waandike "huenda ni kamosini", kisha warudie kwa kiyeyushi kingine, yaani kimiminika tofauti badala ya maji ya chumvi. Mwanafunzi aliyeandika "huenda" mahali pake mimi humpa alama kamili.

Choya (rosela), ambayo wekundu wake ni wa asili, iache wiki ya pili. Ukitia magadi yale ya mlenda, wekundu wake unakimbilia bluu na kijani. Wa kichupani haugeuki hivyo.