Kabla hujamwita ng'ombe wako tasa, hesabu siku

Ng'ombe wangu Chausiku alihimilishwa, yaani aliwekewa mbegu ya dume kwa mkono wa mtaalamu, mara nne, na mara zote nne akarudi kwenye joto, akataka dume tena. Ni chotara wa Friesian, alikuwa amezaa mara moja tu, ana afya, anakula vizuri. Kila aliporudi nilisema lile neno tunalolisema wafugaji wote: mbegu haikushika. Nilimlaumu mhimilishaji, mhimilishaji akamlaumu ng'ombe, na dalali wa mnadani akaanza kupitapita nyumbani kwangu.

Mimi nafuga Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu, niliyemwita mwezi wa pili, kaskazi imeshika. Baada ya salamu hakumgusa ng'ombe kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, ukishamhimilisha, unamfanyia nini?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa na majirani. Namfunga kwenye nguzo ya chuma uani, kamba fupi, kichwa juu, asilale mbegu ikamwagika. Anakaa pale mpaka alasiri. Na chakula simpi siku hiyo, tumbo lisije likasukuma kizazi.

Mzee akaniambia, "Hebu ishike hiyo nguzo." Ilikuwa saa nane mchana. Niliweka kiganja nikakiondoa papo hapo. Akasema, "Basi mbegu huenda zilishika zote nne. Kilichofuata ndicho kilichokuwa na shida."

Maneno hayo yalinifanya nitafute kusoma, na niliyoyasoma ndiyo nataka uyajue, kwa sababu naona watu wengi wanauza ng'ombe wazima kwa bei ya nyama. (Nikisema joto hapa nina maana ya ng'ombe kutaka dume. La jua nitaliita hari, tusichanganye.)

Watafiti waliofuatilia ng'ombe baada ya kuhimilishwa, hasa kule Ireland, walikuta jambo ambalo sikulitegemea. Kwa mitamba na ng'ombe wa maziwa ya wastani, karibu mayai 90 kati ya 100 hurutubishwa. Lakini wanaokuja kuzaa kwa uhimilishaji huo mmoja ni kama 55 tu. Kwa ng'ombe wa maziwa mengi sana hali ni mbaya zaidi. Maana yake mimba nyingi huwa zimeanza, kisha zinapotea, na sehemu kubwa hupotea kabla ya siku ya 16. Wewe huoni damu wala uchafu wowote. Unaona tu ng'ombe amerudi siku ya 21, unasema haikushika.

Katika siku hizo kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinapita safari ngumu. Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, wala si kwenye mji wa mimba. Kinagawanyika, seli mbili, nne, nane, na siku ya nne au ya tano ndipo kinashuka kwenye mji wa mimba. Siku ya saba bado ni kidogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Halafu, kuanzia kama siku ya 13, kinaanza kurefuka kwa kasi ya kushangaza, na kufikia siku ya 16 au 17 kimekuwa uzi mwembamba wa sentimita kumi na zaidi, umejilaza ndani ya pembe ya kizazi.

Uzi huo una kazi. Unatoa kemikali inayomwambia mama, "Nipo, usirudi kwenye joto." Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, wakichunguza kondoo, waligundua kwamba kemikali hiyo ni ya jamii ya interferoni, ndugu wa zile ambazo mwili hutoa kupambana na virusi. Isipofika kwa wakati na kwa wingi wa kutosha, kizazi kinatoa prostaglandini, homoni inayovunja kinundu cha kwenye ovari kinachotoa projesteroni, homoni ya kulinda mimba, na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo kiinitete kilicho hai lakini kimechelewa kukua kinaweza kupotea kwa sababu tu hakikusikika.

Sasa rudi kwenye nguzo yangu ya chuma. Katika Chuo Kikuu cha Florida, mahali penye hari na unyevu kama huku kwetu pwani, watafiti waliwaweka ng'ombe kwenye hari kali kwa siku tofauti baada ya kuhimilishwa. Walioipata siku ya kwanza, viinitete vyao viliharibika kwa wingi. Walioipata siku ya tatu, ya tano au ya saba, madhara hayakuonekana. Kiinitete kichanga bado kinaishi kwa akiba aliyoiacha mama ndani ya yai. Jeni zake zenyewe hazijaanza kufanya kazi sawasawa mpaka kifikie seli nane hadi 16, na kabla ya hapo hakina uwezo mkubwa wa kujitetea. Mimi siku ile ile ya kwanza ndiyo niliyokuwa nikimfunga juani.

Na hofu ya mbegu kumwagika haina msingi. Mhimilishaji anayejua kazi hupitisha bomba lake jembamba la mbegu kwenye shingo ya kizazi na kuiacha mbegu ndani kabisa. Ng'ombe akilala, alale. Ute utakaouona ukitoka ni wa joto lake.

Kuhusu kumnyima chakula, nililia niliposoma. Mitamba waliokuwa wakila vizuri kisha wakapunguziwa chakula ghafla baada ya kuhimilishwa walipoteza viinitete vingi kuliko walioendelea na mlo wao. Usimbadilishie kitu katika wiki mbili hizo: majani yale yale, pumba na mashudu yale yale, maji muda wote. Wala usimpeleke josho la mbali mchana wala kumpakia kwenye gari.

Siku hizi Chausiku hukaa chini ya paa la makuti, pande zote wazi ili upepo wa baharini upite. Bati tupu linachoma, kama huna makuti tandaza hata majani ya mnazi juu yake. Kumwagia maji kunasaidia pale penye upepo. Kwenye banda lililoziba, kwa unyevu wetu huu, unamwongezea tabu tu. Nikimwona amesimama kupandwa asubuhi, naita mhimilishaji jioni. Nikimwona jioni, anakuja alfajiri. Kanuni hiyo ni ya tangu miaka ya 1940 na bado inafaa, ila machotara wenye damu ya zebu, ng'ombe wetu wa nundu, joto lao huwa fupi na mara nyingi huja usiku, kwa hiyo toka na tochi saa nne usiku na saa kumi alfajiri.

Jambo jingine ni daftari. Andika tarehe ya kuhimilisha na tarehe ya kurudi. Akirudi kati ya siku 18 na 24, ama yai halikurutubishwa ama kiinitete kilikufa mapema: angalia saa ya kuhimilisha, hari, na mlo. Akirudi siku ya 30 au 40, huenda kilishatuma taarifa kikafa baadaye, na hapo nafikiria magonjwa zaidi. Mwambie daktari wa mifugo apime brusela, ugonjwa unaotoa mimba, umweleze pia kama alipata homa ya ndigana kali. Ute wenye usaha usiusubirie siku ya pili.

Na tafadhali, usikubali sindano ya "kusafisha kizazi" kabla ng'ombe hajapimwa mimba. Wapo wachache wanaoonyesha joto wakiwa na mimba, na sindano nyingi za aina hiyo ni prostaglandini ile ile. Itaitoa.

Mabadiliko hayaji kesho yake. Yai linalotoka leo lilianza kukua miezi miwili na zaidi iliyopita, ndiyo maana kule Israeli walikuta uzazi unabaki chini hata msimu wa hari ukishapita. Mimi nilisubiri. Sikumhimilisha Chausiku mwezi wa tatu wala wa nne, nikamlisha mpaka mbavu zikapotea machoni. Mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma, akahimilishwa saa kumi na mbili jioni, akalala kivulini akicheua. Siku ya 21 nilikesha naye. Hakurudi.