Plasta Hubandikwa kwenye Jicho Zima

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na ushei nilipoanza kuona jicho lake la kushoto likikimbilia puani kila alipoinamia sahani. Akitazama watu wapitao barabarani, macho yote mawili yalitulia. Akichambua dagaa pamoja nami, moja lilihama. Wapo majirani walioniambia makengeza ni urembo, wapo waliosema yatanyooka akikua, na katika kituo kimoja cha afya niliambiwa nimrudishe atakapoanza shule. Nilikaa miezi saba nikiyaamini maneno hayo, na miezi hiyo ndiyo ninayoijutia hadi leo.

Ni kweli kwamba macho ya mtoto mchanga hutangatanga, na hilo lisikutie hofu hadi afikishe miezi minne hivi. Ni kweli pia kwamba mtoto mwenye mwanzi wa pua mpana huweza kudhaniwa ana makengeza wakati hana. Ukimmulika mtoto huyo kwa tochi ndogo kutoka mbele, nukta ya mwanga hukaa mahali pamoja katika mboni zote mbili. Makengeza yanayobaki baada ya umri huo, au yanayoanza baadaye kama ya binti yangu, hayasubiriwi. Macho yasipoelekea mahali pamoja, ubongo hupokea picha mbili zisizopatana, na ule wa mtoto huikwepa taabu hiyo kwa kuipuuza picha ya jicho moja. Jicho linalopuuzwa hivyo, hata kama lenyewe halina ugonjwa wowote, halijifunzi kuona, nalo ndilo linaloitwa jicho zembe. Wengine hulipata bila makengeza yoyote, kwa sababu jicho moja linahitaji miwani kuliko jingine, na hao ndio hasa wanaochelewa kugunduliwa.

Siku moja nilimfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaendelea na chapati yake kama kwamba sijamgusa. Nilipofunika la kulia aliusukuma mkono wangu na kuangua kilio. Wiki iliyofuata tulikuwa Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Huko alitiwa matone ya kupanua mboni, akapimwa, ikaonekana kwamba analazimika kuyakaza macho ili aone vitu vya karibu, na kukaza huko ndiko kunakoyavuta kuelekea puani. Dawa ya kwanza ikawa miwani ya kuvaliwa kutwa nzima, ambayo niliifunga kwa mpira nyuma ya kichwa kwa kuwa ilikuwa ikiishia chini ya kitanda. Baada ya miezi kadhaa makengeza yalipungua, lakini jicho la kushoto bado halikusoma mistari ya chini ya chati ya kupimia macho, ndipo ikaja plasta ya saa mbili kila siku. Mama mkwe alipoiona alishtuka: “Mwanangu, jicho zima ndilo mnalolifunga, na hilo bovu mnaliacha? Mtamtia upofu mtoto huyu.” Nilimweleza kwamba lile zembe halitafanya kazi maadamu mwenzake yuko wazi. Plasta ibandikwe kwenye ngozi, si kwenye kioo cha miwani, kwani mtoto huchungulia pembeni. Sisi tulikuwa tukiibandika saa kumi jioni, naye akikaa na ungo akichagua mawe kwenye mchele, kazi ambayo hailiachi jicho lipumzike.

Usihofu kwamba saa mbili ni chache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kwa watoto wenye uzembe wa wastani, zilifaa sawa na saa sita. Wengine hupewa matone ya atropini, dawa inayolitia ukungu jicho zima, badala ya plasta. Hayo hupanua mboni kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwarifu mwalimu mapema.

Mboni zisizolingana ukubwa pasipo dawa ni jambo jingine. Tofauti ndogo isiyobadilika, gizani na kwenye mwanga, watu wengi wanayo tangu utotoni, na picha za zamani zitakuonyesha. Tofauti mpya, hasa ikiandamana na kope iliyolegea, jicho lililoelekea nje, kichwa kuuma au kutapika, huweza kutokana na neva zinazotoka kwenye ubongo, na mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mboni ndogo chini ya kope iliyoshuka kidogo nayo humfanya daktari achunguze shingo na kifua. Mboni inayong’aa nyeupe kwenye picha haingoji hata kesho, kwani huweza kuwa saratani ya jicho.

Binti yangu sasa ana miaka sita. Plasta tumeipunguza hatua kwa hatua, kwani jicho lililozinduka huweza kulala tena ikiachwa ghafla, na mwezi ujao tunarudi Moshi kupimwa.