Re: Riwaya yangu ya barua, wahusika wote wana sauti moja
Habari mkuu, nimekusoma, barua zako zote zinasikika kama kaandika mtu mmoja. Cheki kwanza kila barua inaenda kwa nani na mwandikaji anamficha nini huyo mtu, maana binti hamwandikii mama yake vile anavyomwandikia shoga yake. Halafu futa popote mtu anapomweleza mwenzake kitu wanachokijua wote wawili, hapo ndo msomaji anashtukia. Mi huwa naandika barua zote za mhusika mmoja mfululizo ndo nazipanga kwa tarehe, sauti haiyumbi kabisa. Na changanya aina za nyaraka, mfano riwaya ya Dracula ya Bram Stoker (1897) ina shajara, telegramu, vipande vya magazeti, tena telegramu moja inachelewa kufika na Lucy, binti anayewindwa na Dracula mnyonya damu, analala bila mlinzi usiku huo.