Jibu: Kamati mpya ya ustawi wa wafanyakazi ianzie wapi?

Salaam aleikum, dada yangu. Umeeleza kwamba umeteuliwa kuongoza kamati ya ustawi na ujumuishaji katika ofisi ya umma yenye wafanyakazi wapatao 60 hapa Mombasa, kwamba mkuu wako anataka mpango ulioandikwa kabla ya mwezi kwisha, na kwamba wenzako wameshapendekeza siku ya michezo ufukweni, fulana, na mhadhara mmoja kuhusu msongo wa mawazo. Unauliza uanzie wapi, kwa kuwa fedha ulizopewa ni kidogo na unahofia kwamba jambo hili litaishia kwenye picha za kubandikwa ukutani.

Hofu yako ina msingi, na ndiyo sababu nimeamua kukujibu kwa urefu. Nimetumikia ofisi ya umma kisiwani kwa miaka 22, na katika miaka sita ya mwisho nilisimamia kitengo chenye watu 41 huku nikiongoza kamati kama hiyo yako. Mengi nitakayokwambia niliyajua baada ya kuyakosea kwanza, na baadhi ya makosa hayo yaliwaumiza watu ambao ulikuwa wajibu wangu kuwalinda.

Mwaka wetu wa kwanza tulizimaliza fedha zote kwa siku moja katika hoteli ya Pwani ya Kaskazini. Watu walicheka na kula pamoja, na silidharau hilo hata kidogo. Lakini Jumatatu iliyofuata, nilipoipitia orodha ya waliohudhuria, niliona kwamba karani aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano hakuja, wasafishaji waliletwa na mwanakandarasi na kwa hiyo hawakualikwa kabisa, na kijana wetu kiziwi wa masjala alikuja akakaa mwisho wa meza na simu yake mpaka basi lilipotuchukua kurudi. Wale ambao kamati iliundwa kwa ajili yao ndio hasa ambao siku ile haikuwafikia.

Kwa hiyo ninakushauri, kabla ya kuandika lolote, uombe vitu vitatu ambavyo kila ofisi inavyo: kitabu cha mahudhurio, ratiba ya zamu na orodha ya likizo. Visome vyote vitatu pamoja, polepole, ukijiuliza ni majina ya nani yanayojirudia.

Katika kitabu chetu cha mahudhurio, karibu wote waliokuwa wakiandikwa wachelewaji walikuwa wanaishi ng'ambo ya kivuko, Likoni na Mtongwe, na wengine wakitoka mbali hadi Ukunda. Nilikuwa nimetia saini barua tatu za kumtaka mama mmoja, karani wa muda mrefu, ajieleze kwa nini anachelewa, na kila mara alijibu kwa sentensi ileile kwamba alikwama kwenye kivuko na anaomba radhi. Mimi, ambaye nyumba yangu iko Tudor, nilikiona kuwa ni kisingizio. Kisha nikafiwa na jamaa yangu Mtongwe, nikalala huko usiku wa matanga, na asubuhi nikatoka mapema mno kwa hesabu zangu. Siku hiyo feri moja ilikuwa imeharibika. Nilisimama katika umati ule, jua likianza kuchoma, na mbele yangu kidogo nikamwona yule mama, mtoto mgongoni, akimpeleka kwanza kwa bibi yake Mwembe Tayari ndipo aje kazini. Hakuniona. Nilifika ofisini nimechelewa kwa dakika 50 na hakuna aliyeniandikia barua.

Tulichofanya baada ya hapo hakikugharimu hata shilingi. Madirisha yetu ya kuhudumia wananchi yalikuwa yakifungwa saa kumi, lakini hesabu za siku zilichukua zaidi ya saa nzima baada ya hapo, kwa hiyo tuligawa kitengo katika zamu mbili: wengine waliingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, wengine waliingia saa tatu wakabaki kufunga hesabu hadi saa kumi na mbili. Mkuu wa idara alikubali kwa majaribio ya miezi mitatu. Hapa nakuomba uwe mwangalifu: usiipe zamu hiyo jina la watu wa ng'ambo. Iweke wazi kwa yeyote mwenye sababu, awe anampeleka mtoto shule, anamuuguza mzazi, au anahudhuria kliniki. Nafuu inayotolewa kwa kikundi kimoja tu huzaa manung'uniko, na manung'uniko hayo humrudia yule aliyesaidiwa.

Jambo la pili ni lile ninalolijutia zaidi. Kijana wa masjala niliyemtaja alikuwa hodari wa kupanga na kutafuta faili kuliko sote. Kwa miaka kadhaa mikutano yetu ilifasiriwa na mwenzake wa meza ya pili, aliyekuwa amejifunza ishara kidogo kutoka kwake, nasi tukajiona tumemjumuisha. Kisha faili moja likapotea. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na tukamwita mwenzake yule yule aje kumfasiria, ilhali mwenzake ndiye mtu mwingine pekee aliyekuwa akilishika faili hilo. Nilikuwa mmoja wa waliokaa upande wa pili wa meza, na sikuliona tatizo. Akapewa barua ya onyo. Baada ya miezi minne faili likapatikana katika ofisi nyingine, limechanganywa na mengine, na barua ikaondolewa. Nilipokwenda kumwomba radhi alichukua karatasi akaniandikia kwamba siku ile hakuelewa aliulizwa nini.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo kwa ajili ya mtihani wa kupandishwa cheo. Kuyasoma kwa ajili ya mtu aliyekaa hatua kumi kutoka mlango wangu ni kazi nyingine kabisa. Tangu wakati huo tulilipa mkalimani wa lugha ya ishara kwa kila kikao cha nidhamu, cha usaili na cha tathmini ya utendakazi, na mikutano ya kawaida tukaanza kutoa ajenda iliyoandikwa siku moja kabla na kumbukumbu siku moja baada. Ajenda hiyo, kwa hakika, ilitufaa sote. Wenzetu watano wakajifunza ishara kwake mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, na tuliomba saa hizo zihesabiwe kuwa mafunzo kazini ili naye aandikwe kuwa mkufunzi.

Ukiwa hapo, uliza kwa faragha kama wenzako wenye ulemavu wamesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kijana huyu hakuwa amesajiliwa, wala hakuwa amewahi kuambiwa kwamba akipata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi hazitozwi kodi, au kwamba mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60. Haya ni maslahi yake ya kisheria, na mtu asiyesikia mazungumzo ya varandani huyakosa kwa urahisi mno. Ila usimlazimishe yeyote kujitangaza. Wapo wenye ulemavu usioonekana ambao wana sababu zao za kunyamaza.

Nije kwenye chumba cha kunyonyeshea, kwa kuwa naona umeuliza kama kina ulazima. Kina ulazima. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, pasiwe chooni, pawe na maji ya kunawia mikono, jokofu au chombo cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya starehe, na inampa mama mapumziko yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Sisi tulikipata chumba, tukakipaka rangi, tukaleta jokofu dogo, na kwa wiki sita hakuna aliyekitumia. Kwenye kikao tukaanza kusema kwamba akina mama hawakihitaji. Mzee mmoja tarishi ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia niulize ufunguo unakaa kwa nani. Ulikuwa unakaa kwa askari wa mlangoni, mwanamume, na kila mama alitakiwa kuuomba mbele ya foleni ya wananchi na kutia saini kitabuni, akieleza anakwenda kufanya nini. Tulibadilisha kufuli, tukachonga funguo nne, kila mama akapewa wake. Chumba kilianza kutumika wiki hiyo hiyo.

Ushauri nasaha nao ulikwama mlangoni, kwa namna nyingine. Mshauri tuliyempata alipewa chumba kinachotazamana na ofisi ya utumishi, kwa hiyo aliyeingia alionekana na wale wanaoamua uhamisho wake. Tulimhamishia jengo jingine, mtaa wa pili, tukakubaliana kwa maandishi kwamba atatuletea idadi ya waliomwona na kamwe si majina. Idadi iliongezeka, na waliokwenda wengi walisema wenyewe baadaye kwamba ni wa madirishani.

Dirishani ndipo penye mzigo mzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya ofisi ya umma, na ningependa kamati yako ipaangalie kwa jicho la pekee. Mtu anayepokea wananchi kuanzia asubuhi hadi alasiri husikia matusi kwa makosa ambayo hakuyafanya: mtambo umezima, saini ya mkubwa haijapatikana, stakabadhi imekosewa kwingine. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, madirisha yetu yalikuwa yanaelekea magharibi, na ilipofika saa nane jua lilikuwa limemwingia karani usoni. Tuliweka utaratibu kwamba hakuna anayekaa dirishani zaidi ya saa mbili mfululizo, tukaleta feni na mapazia, na tukampa kila karani ruhusa ya kumwita msimamizi mara tu anapotukanwa, bila kuhesabiwa kwamba ameshindwa kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa dirishani saa moja kila Jumatano, nami nakusihi umshawishi mkuu wako afanye hivyo.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Eda, muda ambao mjane wa Kiislamu hutakiwa kutulia nyumbani, ni miezi minne na siku kumi, na siku zake za likizo zilikuwa hazifiki hata nusu ya muda huo. Zilipokwisha alirudi kazini, akituambia amemuuliza sheikh wake na ameruhusiwa kutoka mchana kwa ajili ya riziki ya watoto. Ratiba ilikuwa imempanga dirishani, akae siku nzima akitazamwa na kuulizwa na watu anaofahamiana nao. Hakuwa amelalamika. Tulimwuliza anapendelea nini, akasema masjala, akakaa huko mpaka eda ikaisha. Tukio hilo lilinifunza kumwuliza mhusika kabla ya kumpangia jambo, hata ninapodhani najua jibu.

Kuhusu Ramadhani nitasema kidogo tu, kwa sababu unaijua. Tulikuwa tukiwaachia waliofunga watoke mapema, jambo jema, lakini kazi ya alasiri ikawaangukia wenzetu wasiofunga, wengi wao kutoka bara, nao walinyamaza kwa kuogopa kuonekana wana chuki. Tuliwaita pande zote mbili, na wao wenyewe wakapanga kubadilishana: wanaosaidiwa Ramadhani hushika zamu za Pasaka na za siku zinazozunguka Krismasi.

Usisahau lugha ya mikutano. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kwetu kila mkutano uliendeshwa kwa Kiingereza mbele ya madereva, matarishi na wasafishaji waliokaa nyuma wakitikisa vichwa. Tulipogeukia Kiswahili, swali la kwanza kutoka nyuma lilihusu maji ya kunywa, ambayo wasafishaji wa mwanakandarasi walikuwa wamekatazwa kuyachota kwenye mtungi wetu. Sikuwa nalijua hilo.

Sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia isiwe jambo la kujadiliwa kama iwepo au isiwepo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe nayo. Angalia tu kwamba anayepokea malalamiko si mtu mmoja, na kwamba si wote ni wanaume.

Kwa fedha zako kidogo, ningenunua feni, mapazia, kufuli na funguo zake, na siku chache za mkalimani, kisha kitakachobaki kiwe cha chai ya pamoja ofisini, siku ya kazi, ambayo msafishaji, mlinzi na mama mwenye mtoto wanaweza kuhudhuria.

Orodha ya likizo uisome ya mwisho, ukiwa peke yako. Katika yetu nilikuta jina la dereva ambaye hakuwa amekwenda likizo kwa miaka mitatu. Nilipomwuliza, alisema aliwahi kuomba mara mbili na mara zote aliambiwa asubiri mwenzake arudi ndipo aende. Mwenzake huyo alikuwa ameshahamishwa Kilifi.