Baiskeli ya Kwenda Kazini na Ushuru: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Malindi na viunga vyake, na swali ni karibu lile lile: mtu anayepiga pedali kila siku, je, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, humtambulia gharama zake? Tumechagua barua tano.

SWALI: Salamu Mhariri. Naishi Gede na ni karani wa hesabu katika hoteli moja mjini Malindi. Nauli imenishinda, kwa hiyo nakwenda kazini kwa baiskeli. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya Sh18,000, nikabadilisha taya mbili na cheni, na kwa fundi sikosi. Ndugu yangu yuko Ujerumani, naye anasema huko kila kilomita ya kwenda kazini humpunguzia ushuru. Mimi nijaze sehemu gani kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani? – *Karani, Gede*

JIBU: Ndugu karani, sehemu hiyo haipo, na tafadhali usijaribu kuipenyeza gharama hiyo kwingine.

Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 15, huruhusu gharama zilizotumika zote, na kwa sababu hiyo tu, kuzalisha mapato. Kifungu cha 16 kinakataza matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Safari ya kutoka nyumbani hadi kazini huangukia upande huo wa pili, hata ukienda kwa baiskeli, kwa tuktuk au kwa miguu. Hoja yake ni kwamba mshahara wako unaanza kuzalishwa ukishafika hotelini, na kukaa Gede badala ya Barani au Maweni ni uamuzi wako. Hoja hiyo ni ya zamani. Katika kesi ya Ricketts v Colquhoun ya mwaka 1926 huko Uingereza, wakili aliyeishi London na kushika wadhifa wa kimahakama Portsmouth alinyimwa nauli yake ya treni kwa sababu iyo hiyo. Maamuzi ya namna hiyo bado hutajwa katika kesi za ushuru hapa kwetu.

Ndugu yako hakukudanganya. Ujerumani ina sheria yake: kwa miaka mingi, hadi 2025, mfanyakazi alikuwa akikata angalau senti 30 za euro kwa kila kilomita ya mwendo wa upande mmoja, kwa kila siku ya kazi, bila kuulizwa amepanda nini. Marekani nako mwajiri aliweza kumrudishia mwendesha baiskeli hadi dola 20 kwa mwezi bila kutozwa ushuru. Nafuu hiyo ilisimamishwa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 ikaiondoa kabisa. Kenya haijapata kuwa na kifungu cha aina hiyo.

Wengine huamua kupunguza mshahara wenyewe katika Sehemu F ya ritani, ile ya mapato ya ajira, ili gharama ya baiskeli iwe imejificha ndani. Usifanye hivyo. Takwimu za Sehemu F zinapaswa kuwiana na fomu yako ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, na yale ambayo mwajiri ameshawasilisha kila mwezi kwenye ritani ya PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Hitilafu ya shilingi elfu chache inatosha kukuletea barua ya kudaiwa.

Mtu wa kuzungumza naye ni mwajiri wako, na hapa pana faida ya kweli kwa anayejua kupanga.

Hoteli ikikupa marupurupu ya usafiri ya Sh3,000 taslimu kila mwezi, hizo ni sehemu ya mshahara. Zitakatwa SHIF, bima ya afya, ya asilimia 2.75, yaani Sh82.50, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani Sh45. Tangu Desemba 27, 2024 makato hayo mawili huondolewa kabla ya PAYE kupigwa, kwa hiyo unatozwa kwa Sh2,872.50. Ikiwa mapato yako yanayotozwa ushuru yanazidi Sh32,333 kwa mwezi, uko kwenye asilimia 30, na PAYE ni Sh861.75. Unabaki na Sh2,010.75, kabla hata ya kuigusa NSSF, akiba ya uzeeni. Theluthi imekwenda.

Hoteli ikinunua baiskeli yenyewe na kukukabidhi, mambo hubadilika. Manufaa yasiyo ya pesa taslimu hayatozwi ushuru maadamu jumla yake kwa mwaka haifiki Sh60,000, ambayo ni wastani wa Sh5,000 kwa mwezi. Kikomo hicho kilikuwa Sh36,000 hadi Desemba 2024. Baiskeli ya Sh24,000 inaingia humo bila kukatwa hata senti.

Mpango huu huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni wewe kununua kwa jina lako, kisha hoteli ikurudishie pesa: hapo umepewa taslimu, na umerudi kwenye hesabu ya juu. Ankara iandikwe kwa jina na PIN ya hoteli. Ya pili ni kusahau kuwa kikomo ni cha manufaa yote kwa pamoja. Kama mwajiri hukulipia pia vitu vingine visivyo taslimu, vijumlishe, kwani jumla ikishafika Sh60,000 inahesabiwa yote, si ile ziada peke yake. Ya tatu ni programu ya mishahara iliyopangwa kuangalia mwezi mmoja mmoja: ikiona Sh24,000 mwezi wa Machi, inazitoza. Mwambie mhasibu aangalie jumla ya mwaka.

Kuna na safari za kikazi zenyewe. Ukitumwa kutoka hotelini kwenda benki au kwa muuzaji wa vyakula, hiyo si safari ya nyumbani tena. Mwajiri akikurudishia ulichotumia, kwa fomu yenye tarehe, mahali na sababu, si mapato yako. Lakini akikupa kiasi kile kile kila mwezi, uwe umetumwa au hukutumwa, KRA itayaita marupurupu.

SWALI: Mimi ni fundi wa umeme wa kujitegemea, nina kibanda Ngala. Baiskeli ndiyo gari langu: leo Casuarina, kesho Mambrui, keshokutwa Watamu, ngazi begani na mkoba wa vyombo kwenye karia. Je, na mimi nakataliwa? – *Fundi, Malindi*

JIBU: La, wewe hukataliwi. Safari kutoka kibandani hadi kwa mteja, na kutoka mteja hadi mteja, ni gharama ya biashara. Kinachobaki nje ni mwendo wa asubuhi na jioni kati ya nyumbani na kibandani. Fundi asiye na kibanda, anayeweka vyombo na kupokea simu za kazi nyumbani kwake, ana hoja nzuri zaidi: katika kesi ya Horton v Young, mwashi mmoja wa Uingereza alikubaliwa safari za kutoka nyumbani hadi kwenye majengo kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa kituo cha kazi. Lakini hoja hiyo husimama ikiwa ni kweli nyumbani ndiko kituo. Wewe mwenye kibanda haikuhusu.

Kazi yako ya kwanza ni daftari. Mstari mmoja kwa kila safari unatosha: *12/3, kibandani–Casuarina–kibandani, km 7, kubadilisha swichi kuu, ankara na. 31.* Namba ya ankara ndiyo inayoupa mstari huo uzito, maana inaifunga safari na pesa iliyoingia. Kilomita za kwenda nyumbani na za mambo yako ziandike kwa jumla ya wiki. Kidude cha kuhesabia kilomita kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele kitakusaidia kuliko kukisia.

Mwisho wa mwaka tafuta uwiano. Tuseme umeendesha kilomita 3,000, na kati yake 2,400 ni za kazi. Hiyo ni asilimia 80.

Baiskeli yenyewe haikatwi yote mwaka wa kwanza kwa kuwa ni mali ya kudumu. Kwenye Jedwali la Pili la sheria inaingia katika mitambo mingine, ambayo hukatwa asilimia 10 ya bei kila mwaka kwa mafungu sawa. Wengi huiweka kwenye asilimia 25 ya magari, na hapo wanakosea: baiskeli ya pedali haina injini. Kwa baiskeli ya Sh18,000 fungu la mwaka ni Sh1,800, na asilimia 80 yake ni Sh1,440.

Matengenezo hukatwa mwaka ule ule. Huku pwani si madogo, chumvi ya baharini hula cheni, spoku na beringi za pedali upesi, hasa kwa anayepita barabara ya ufuoni. Taya, tyubu, breki, cheni, mafuta, panchari, vyote vihesabu. Tuseme ni Sh6,500 kwa mwaka; asilimia 80 ni Sh5,200. Ukijumlisha na Sh1,440 unapata Sh6,640 za kuondoa kwenye faida. Kwa aliye kwenye asilimia 30 huo ni ushuru wa Sh1,992 uliookolewa. Si haba, ni seti ya taya.

Shida kubwa ni risiti. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako haikubaliwi kwenye hesabu ya ushuru, ila zile chache zilizosamehewa, na baiskeli haimo. Duka la vipuri litakupa ankara ukiitaka. Taja PIN kabla ya kulipa, kwani kuirekebisha baadaye ni kazi. Fundi wa chini ya mwembe mara nyingi hana eTIMS. Kwa mtu kama yeye, ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka, sheria sasa inamruhusu mnunuzi atengeneze ankara kwa niaba ya muuzaji, naye aikubali. Kwa hiyo utahitaji PIN yake, na wewe mwenyewe uwe umesajiliwa kwenye eTIMS. Kwa wasiosajiliwa VAT, njia nyepesi ni *222# kwenye simu. Panchari ndogo ndogo zilizolipwa mkononi bila karatasi, ziache. Kujumlisha panchari za mwaka katika ankara moja mwezi Desemba kunaonekana mara moja, kwa sababu ankara hubeba tarehe yake.

Daftari na ankara ziweke miaka mitano. Zifunge kwenye plastiki. Unyevu wa huku unajulikana.

SWALI: Mhariri, mimi nauza samaki kwa baiskeli, nachukua ufuoni Mayungu na kuzungusha hadi Ganda. Kwa mwaka nikitoa gharama nabaki na kama Sh200,000. Nianze kutunza risiti za baiskeli? – *Mchuuzi*

JIBU: Bwana mchuuzi, piga kwanza hesabu hii. Faida ya mwaka isiyozidi Sh288,000 hutozwa asilimia 10, yaani Sh28,800 kwa kiwango cha juu kabisa. Nafuu ya kibinafsi ya kila mkazi, inayoondolewa kwenye ushuru wenyewe, ni Sh28,800 hiyo hiyo. Ukibaki na Sh200,000, na huna mapato mengine, hudaiwi ushuru wa mapato hata bila kutaja baiskeli. Ritani ya kila mwaka bado ni lazima ukiwa na PIN, ifikapo Juni 30, na usijaze ya sifuri: onyesha mauzo na faida. Kuchelewa kuna faini ya Sh2,000, au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ipi kubwa.

Angalia pia *mauzo*, mbali na faida. Samaki ni biashara ya pesa nyingi zinazopita mkononi. Mauzo ghafi yakizidi Sh1 milioni kwa mwaka unaingia kwenye ushuru wa mauzo, ule watu wauitao TOT, unaolipwa kila mwezi ifikapo tarehe 20. Huo hupigwa kwa mauzo ghafi, wala hauangalii baiskeli, barafu wala bei ya samaki uliyolipa ufuoni. Kwa mtu mwenye faida nyembamba unaumiza. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukiomba kutozwa kwa faida kama kawaida. Ukichukua njia hiyo, basi risiti za baiskeli, na zaidi za samaki wenyewe, zitakuwa na maana kubwa.

SWALI: Nakaa Langoni, Lamu, na afisi yetu iko Mokowe. Kila siku navuka kwa boti. Maji si barabara. Je, sheria ni tofauti? – *Mtumishi wa umma*

JIBU: Ni ile ile. Kuvuka kwenda Mokowe ni safari ya kwenda kazini. Ukitumwa kutoka afisini hadi Faza au Kizingitini, hapo ni safari ya kikazi, na posho ya siku ya hadi Sh10,000 nje ya kituo chako huchukuliwa kuwa ni kurudishiwa gharama, haitozwi. Kiwango hicho kilikuwa Sh2,000 hadi Juni 2025.

SWALI: Rafiki alinijazia ritani mwezi wa Mei. Mimi ni mwajiriwa, lakini aliniandikia biashara ambayo sina, na ndani yake akaweka hasara ya Sh18,000 ya baiskeli. Sasa iTax inaonyesha narudishiwa Sh5,400. Nifanye nini? – *Msomaji, Shella, Malindi*

JIBU: Rekebisha wiki hii, kabla ya pesa hiyo kulipwa. Ingia iTax, fungua menyu ya ritani, chagua kuwasilisha ritani iliyorekebishwa, kisha mwaka husika. Kwenye karatasi ya mwanzo jibu kwamba huna mapato ya biashara, ili kurasa zake zifungike. Sehemu F nakili kutoka P9, na makato ya PAYE kwenye Sehemu M vivyo hivyo. Jumla ya mwisho ikisoma sifuri, au senti chache, umepona: hakuna unachodaiwa.

Kama umeshaomba kurudishiwa, iandikie afisi yako ya KRA kuwa unaliondoa ombi hilo, ukiambatanisha risiti ya ritani mpya. Ikiwa pesa imeshaingia benki, utairudisha Sh5,400 hiyo, na wanaweza kukuongezea adhabu ya asilimia 5, Sh270, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, Sh54. Tengeneza namba ya malipo ndani ya iTax kwanza, kisha ulipe kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222, ile namba ya malipo ikiwa ndiyo akaunti. Na ubadilishe nywila ya iTax, kwa kuwa rafiki yako bado anayo.