Piriton inanilaza kazini

SWALI: Daktari, nafagia ghala la korosho hapa Tandahimba. Vumbi likitimka napiga chafya, macho yanawasha. Piriton inanilaza. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Piriton hufika hadi kwenye ubongo, ndiyo maana unasinzia. Ukiimeza usiendeshe pikipiki. Omba loratadini au setirizini, miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Setirizini nayo huwasinzisha baadhi ya watu, basi imeze usiku. Nguvu yake hudumu saa 24. Usingoje chafya ianze: dawa huziba mahali ambapo histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, ingeshika. Macho usiyafikiche, yaoshe kwa maji safi.

Ila salfa ya kupulizia mikorosho ni jambo jingine. Ile inachoma, kidonge hakiizuii. Vaa barakoa na miwani, upepo ukupige mgongoni. Jicho likiuma au likiona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.