Maswali ya wasomaji: Duara la Flutter linalokwamakwama

SWALI: Natengeneza programu ya kikoba kwa Flutter, zana ya kuundia programu za simu. Ukurasa wa kwanza una duara linalojaa kadiri michango inavyoongezeka. Nimelichora kwa CustomPainter (darasa la kuchora), na kwenye addListener ya AnimationController (kontrola inayoendesha mwendo) nimeweka setState, amri ya kujenga upya ukurasa. Simu yangu haina shida, lakini kwenye simu za bei nafuu za wanachama duara linakwamakwama, na hata orodha ya miamala iliyo chini yake inakuwa nzito. Halafu linaanza kujaa kutoka kulia, si juu.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kinachokuumiza ni hiyo setState. Skrini ya hertz 60 inaipa kila fremu milisekunde 16 na kidogo, na kazi yote lazima iishe humo. Wewe kila fremu unaujenga upya ukurasa mzima, miamala ikiwemo, ilhali kilichobadilika ni urefu wa tao moja. Futa addListener, kisha mpe mchoraji, yaani CustomPainter yako, kontrola yenyewe:

```
class Duara extends CustomPainter {
  Duara(this.hatua) : super(repaint: hatua);
  final Animation<double> hatua;
```

Kwa njia hii Flutter inaruka kujenga na kupima wijeti (vipande vya skrini), inakwenda moja kwa moja kuchora. Ndani ya paint, sehemu inayochora, soma hatua.value. Kwenye shouldRepaint, inayoamua kama kuna haja ya kuchora upya, linganisha hatua ya zamani na mpya; ukirudisha true kila mara, duara litachorwa upya kila mzazi wake anapojengwa, hata bila sababu.

Kisha izungushie CustomPaint (wijeti inayobeba mchoraji) RepaintBoundary, ili vilivyo jirani visichorwe upya pamoja nayo. Usiisambaze kila mahali, kwa kuwa kila tabaka linakula kumbukumbu, na ListView huwawekea watoto wake bila kuombwa. Paint (zenye rangi na unene wa mstari) nazo ziunde mara moja, ziwe sehemu ya darasa, zisiundwe upya ndani ya paint.

Kuhusu pembe: drawArc inahesabu kwa radiani, na sifuri yake iko upande wa kulia. Anzia -pi / 2, urefu uwe 2 * pi * hatua.value, na useCenter iwe false, la sivyo utapata kipande cha keki.

Ukitumia StrokeCap.round, inayoupa mstari ncha za mviringo, kuwa mwangalifu sana. Chukua duara la upana wa 132 lenye mstari wa 12. Nusu ya unene wa mstari hutoka nje ya njia yake, kwa hiyo punguza mstatili kwa deflate(6) usije ukavuka mipaka. Nusu kipenyo kinabaki 60, mzingo 377 hivi. Ncha za mviringo zinaongeza 6 kila upande, jumla 12, ambayo ni zaidi ya asilimia 3 ya mzingo. Matokeo yake, kwenye asilimia 97 duara linaonekana limefunga, na mwanachama anaamini lengo limetimia wakati pesa bado hazijatimia. Kwenye programu ya fedha hilo halikubaliki. Tumia StrokeCap.butt, yenye ncha bapa.

Ukishamaliza, pima kwa flutter run --profile kwenye ile ile simu ya bei nafuu. Hali ya debug (ya kutafutia makosa) ina mizigo yake na itakudanganya. Emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) nayo haikuambii lolote kuhusu kasi.

SWALI: Nimeweka CustomPaint ndani ya Column, hakuna kosa lolote, lakini sioni kitu.

JIBU: CustomPaint isiyo na mtoto hutumia kipimo unachoipa kwenye size, na usipoipa chochote ni sifuri kwa sifuri. Andika size: Size(132, 132), au iweke ndani ya SizedBox ya kipimo hicho.

SWALI: Nikiondoka kwenye ukurasa wenye mwendo napata kosa linalotaja Ticker.

JIBU: Ticker ndiyo saa inayoipa kontrola ya mwendo kila fremu, na kontrola yako bado inakimbia. Ndani ya dispose, inayoitwa ukurasa unapofungwa, andika kontrola.dispose() kabla ya super.dispose(). Ukiugeuza mpangilio huo, kosa litarudi.